Urithi na Mkopo: Kumkumbuka Joseph Greenberg katika Taaluma za Kiswahili



Joseph Harold Greenberg alifariki dunia tarehe 7 Mei 2001 huko Stanford, katika jimbo la California, Marekani, majuma matatu kabla ya kutimiza umri wa miaka 86. Aliugua saratani ya kongosho. Mengi yaliyoandikwa juu yake baada ya kifo hicho yalihusu ubishi wa miaka yake ya uzeeni kuhusu lugha za wenyeji wa mabara ya Amerika. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hata hivyo, jina hilo lina uzito wa namna nyingine. Anayefungua kitabu chochote cha historia ya Kiswahili na kusoma kwamba lugha hii ni ya Kibantu, na kwamba Kibantu ni tawi la ukoo mkubwa uitwao Naija-Kongo, anasoma hitimisho la Greenberg, hata kama mwandishi wa kitabu hicho hakumtaja.

Greenberg hakuwa mtaalamu wa Kiswahili kwa maana finyu ya neno hilo. Utafiti wake wa uwandani aliufanya Kano, si Lamu wala Unguja. Hata hivyo, ni vigumu kutaja mtu mwingine wa karne ya 20, asiyekuwa Mswahili, ambaye kazi yake imebadilisha kwa kiasi kikubwa hivyo majibu ya swali ambalo Waswahili wameulizwa mara nyingi, nao wamejiuliza mara nyingi: Kiswahili ni cha nani, na kilicho ndani yake ni urithi au ni mkopo?

Inafaa kuanza na nyumba alimozaliwa, kwa sababu swali la urithi na mkopo lilikuwa tayari limo mlangoni. Alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 28 Mei 1915, katika familia ya Kiyahudi, akiwa mtoto wa pili kati ya wawili. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Polandi, na mama yake alikuwa na asili ya Ujerumani. Jina la ukoo wa baba lilikuwa Zyto. Katika misukosuko ya kuhamia Marekani likaachwa, na mahali pake likachukuliwa jina la mwenye nyumba waliyopanga. Kwa hiyo mtu ambaye baadaye aliwafundisha wanaisimu kutenganisha neno la kurithi na neno la kuazima, yeye mwenyewe alibeba maisha yake yote jina lililoazimwa kwa mwenye nyumba. Upande wa baba kulikuwa na Kiyidishi, upande wa mama Kijerumani, mtaani Kiingereza, na katika mafundisho ya dini Kiebrania. Watoto wa Mombasa au Bukavu hawataona ajabu yoyote katika orodha hiyo. Lakini kwa wanaisimu wengi wa Marekani wa kizazi chake, waliokulia katika lugha moja tu, hali hiyo haikuwa ya kawaida.

Upendo wake wa kwanza ulikuwa muziki. Akiwa mdogo aliketi kando ya mama yake alipokuwa akipiga piano, akamwomba amfundishe. Mama akamfundisha kusoma noti, kisha akamtafutia mwalimu. Kijana huyo aliendelea hata akapiga piano hadharani katika ukumbi wa Steinway, New York, akiwa na umri wa miaka 14. Alipomaliza shule ya sekondari alikuwa na njia mbili mbele yake, akachagua ya kitaaluma. Muziki hakuuacha: alipiga piano kila jioni hadi karibu na mwisho wa uhai wake. Kuna wanaopenda kusema kwamba sikio la muziki ndilo lililomfanya mwanaisimu. Dai hilo ni rahisi kulitoa na gumu kulithibitisha; wapiga piano hodari ni wengi, na waliopanga lugha za bara zima ni wachache. Lakini katika sehemu moja ya kazi yake, ambayo inagusa Kiswahili moja kwa moja, sikio hilo lilifaa sana, na sehemu hiyo itaelezwa hivi punde.

Miaka ya masomo inaweza kupitwa kwa haraka. Aliingia Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1932, akasoma Kilatini, Kigiriki, Kiarabu na lugha nyingine za Kisemiti, na akahudhuria masomo ya Franz Boas, mwanaanthropolojia wa Kiyahudi kutoka Ujerumani ambaye alipinga kwa ukali fikra ya kuchanganya rangi ya watu, lugha yao na utamaduni wao. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Northwestern kwa Melville Herskovits, naye Myahudi, ambaye alikuwa akiweka misingi ya taaluma za Afrika nchini Marekani. Kati ya mwaka 1938 na 1939 alikaa Kano akichunguza dini ya Wamaguzawa, yaani Wahausa ambao hawakuwa wamesilimu, na namna Uislamu ulivyoathiri imani zao. Tasnifu yake ilitolewa kuwa kitabu mwaka 1946. Ni mwezi wa Novemba 1938 ambapo masinagogi ya Ujerumani yalichomwa moto. Mwaka 1940 alioa, na ndoa hiyo ilidumu zaidi ya miaka 60, hadi kifo kilipoitenganisha. Vita vilipokuja alihudumu jeshini katika kitengo cha kufumbua ujumbe wa siri, Afrika ya Kaskazini na kisha Italia.

Baada ya vita, mwaka 1947, alichapisha katika jarida la jumuiya ya wataalamu wa mashariki nchini Marekani makala fupi kuhusu arudhi ya Kiswahili. Miaka miwili baadaye, katika jarida hilohilo, alichapisha nyingine kuhusu arudhi ya mashairi ya Kihausa. Makala hizi mbili hazisomwi sana siku hizi, na hilo ni jambo la kusikitisha, kwa kuwa zikiwekwa pamoja zinafundisha kitu ambacho moja peke yake haiwezi kukifundisha.

Ushairi wa Kiarabu umejengwa juu ya urefu wa silabi. Silabi fupi na silabi ndefu hupangwa kwa taratibu maalumu, na kila utaratibu una jina lake la bahari. Kihausa ni lugha yenye tofauti ya irabu fupi na irabu ndefu, na tofauti hiyo hubadili maana ya neno. Kwa hiyo Mhausa aliyejifunza ushairi wa Kiarabu madrasani aliweza kuzichukua bahari zile karibu kama zilivyo, akazijaza maneno ya lugha yake, na masikio ya wasikilizaji yakatambua mapigo. Kiswahili hakina tofauti hiyo. Kibantu cha kale kilikuwa nayo. Kiswahili kiliipoteza, kama kilivyopoteza toni. Irabu mbili zinazofuatana katika maneno kama kaa au choo si irabu moja ndefu, bali ni silabi mbili, na kila mtunzi anajua kwamba kaa ni mizani mbili. Basi mshairi wa pwani aliyetaka kutunga kwa mfano wa Kiarabu alikuta kwamba mizani ya Waarabu haiwezi kupimia bidhaa yake. Alichofanya ni kubaki na umbo la nje, yaani ubeti, vipande na vina, na kuuondoa urefu wa silabi. Mahali pake akaweka idadi. Ndiyo maana kipande cha utenzi kina mizani 8, vipande vitatu vya mwanzo vikikubaliana kwa kina na cha nne kikibeba kina kimoja kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho.

La kuzingatiwa hapa ni kwamba mkopo huu haukuwa wa kunakili. Lugha iliyokopa ilitoa masharti. Kilichoingia kilipimwa na fonolojia ya Kibantu, na kisichoweza kukaa kilikataliwa. Mtu anayesema kwamba ushairi wa Kiswahili ni wa Kiarabu kwa sababu utenzi una vina kama vya Waarabu amesikiliza vina tu, hakuhesabu mizani. Na anayesema kwamba hauna chochote cha Kiarabu hajafungua macho. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), alieleza wingi wa bahari za Waswahili na uhusiano wake na nyimbo na ngoma, na maelezo hayo yanaonyesha jinsi picha ilivyo pana kuliko utenzi na shairi peke yake. Greenberg aliyashughulikia maandishi; Shariff alikuwa na sauti za wimbo masikioni tangu utotoni. Kazi hizo mbili hazipingani kama inavyodhaniwa.

Kuna ulinganisho mwingine ambao msomaji wa leo hawezi kuuepuka. Katika karne ya 10, Dunash ben Labrat, Myahudi aliyezaliwa Fez, alianza kutunga mashairi ya Kiebrania kwa mizani ya Kiarabu. Kiebrania nacho hakikuwa na urefu wa silabi kwa namna ya Kiarabu. Ilibidi itafutwe njia ya kuifanya mizani ikubaliane na lugha. Wapinzani wake huko Andalusia walimlaumu kwamba anaiharibu lugha takatifu kwa kuivalisha nguo ya kigeni. Aliyefuatilia mabishano ya ushairi wa Kiswahili ya miaka ya 1970, baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974, atazifahamu hoja hizo mara moja, isipokuwa kwamba pande zimegeuzwa: kwa Wayahudi wa Andalusia mizani ya Kiarabu ndiyo iliyokuwa uzushi, na kwa Waswahili kuacha vina na mizani ndiko kulikoitwa uzushi.

Kazi iliyompa Greenberg jina ni uainishaji wa lugha za Afrika. Ili uzito wake ueleweke, lazima ikumbukwe hali aliyoikuta. Mwanaisimu mkuu wa lugha za Kiafrika katika mwanzo wa karne ya 20 alikuwa Carl Meinhof wa Ujerumani. Mchango wake katika fonolojia linganishi ya Kibantu, ulioanza na kitabu chake cha mwaka 1899, ni mkubwa na haufutiki. Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha alizozitumia kuujenga. Lakini mwaka 1912 Meinhof alitoa kitabu kuhusu lugha alizoziita za Kihamiti. Humo aliziweka pamoja Kifulani, Kihausa, Kisomali, Kimaasai na Kinama, miongoni mwa nyingine. Ni nini kilichoziunganisha? Mara ni kuwepo kwa jinsia ya kisarufi, mara ni ufugaji wa ng'ombe, mara ni umbo la pua na rangi ya ngozi ya wasemaji. Kuhusu Kibantu alidai kwamba kilizaliwa kutokana na mchanganyiko wa Kihamiti na lugha za Kisudani. Nadharia hiyo ilitoka kwa wanaisimu ikaenda kwa wanahistoria na watawala. C. G. Seligman, katika kitabu chake cha mwaka 1930 kuhusu makabila ya Afrika, aliandika bila haya kwamba ustaarabu wa bara hili ni ustaarabu wa Wahamiti, ambao kwake walikuwa tawi la watu weupe. Madhara ya fikra hiyo katika Rwanda na Burundi hayahitaji kuelezwa katika ukumbi huu. Meinhof mwenyewe alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1933.

Kati ya mwaka 1949 na 1954 Greenberg alichapisha mfululizo wa makala ambazo zilikusanywa kuwa kitabu mwaka 1955, na mwaka 1963 akatoa The Languages of Africa, toleo lililokamilika la uainishaji wake. Hakuandika juu ya Unazi wala juu ya ukoo wake. Alichofanya ni kuweka kanuni tatu za kimbinu. Kwanza, ushahidi wa undugu ni kufanana kwa sauti pamoja na maana. Umbo la sarufi peke yake halitoshi. Pili, lugha zilinganishwe nyingi kwa pamoja, si mbilimbili. Kanuni ya tatu ndiyo iliyoubomoa mlango: ushahidi usiokuwa wa lugha usihesabiwe. Rangi ya msemaji si ushahidi. Ng'ombe si ushahidi.

Chukua Kimaasai. Kinatofautisha jinsia kwa viambishi ol- na en-, na kwa Meinhof hilo lilitosha kukiingiza katika Kihamiti. Greenberg aliuliza: je, viambishi hivyo vinafanana kwa sauti na vile vya lugha za Kikushi au za Kisemiti vyenye kazi ileile? Havifanani. Msamiati wa msingi unaelekea wapi? Unaelekea kwa Wajaluo na Wadinka. Basi Kimaasai ni cha Kiniloti, na jinsia yake imezuka humohumo. Kifulani nacho kilitolewa katika Kihamiti na kurudishwa kwa jirani zake wa Senegali. Kwa Kifulani tatu ni tati na nne ni nay. Kwa Kiefiki, lugha ya kusini-mashariki mwa Nijeria, ni ita na inang. Kwa Kiswahili ni tatu na nne. Maneno mawili hayathibitishi kitu, lakini Greenberg hakuwa na maneno mawili. Madaftari yake yalikuwa na safu za maneno kwa upana na orodha za lugha kwa kushuka, ukurasa baada ya ukurasa. Haki inataka pia itajwe kwamba Diedrich Westermann, Mjerumani mwingine, alikuwa amekwisha kuona mfanano kati ya lugha za Afrika Magharibi na Kibantu. Greenberg alichukua hatua ambayo Westermann alisita kuichukua: alisema kwamba Kibantu si ukoo unaosimama peke yake, bali ni tawi la tawi ndani ya ukoo huo wa magharibi.

Kiswahili kinapata nini katika haya? Kinapata kipimo. Kwa muda mrefu wapo waliosema kwamba Kiswahili ni lugha ya mchanganyiko, nusu Kiarabu. Hesabu za Kiswahili ni mfano unaopendwa: sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Ndiyo; lakini moja, mbili, tatu, nne, tano na nane si za Kiarabu, na hata hizo nyingine ziliacha alama za zilizotangulia. Tisa ilikuwa kenda, na neno hilo limo katika jina la Mijikenda. Saba ya Kibantu imejificha katika fungate, siku saba za maharusi. Mkopo uliingia juu ya urithi, na urithi unaonekana chini yake kama maandishi ya kwanza katika karatasi iliyoandikwa mara mbili. Wala si kweli kwamba msamiati wa msingi haukopwi kamwe: damu ni neno la Kiarabu, na ni vigumu kupata kitu cha msingi kuliko damu. Ndiyo sababu Greenberg alisisitiza wingi wa ushahidi.

Kwa kuwa anakumbukwa mtu aliyefariki, mfano mmoja zaidi na uwe wa msamiati wa kifo. Mswahili husema kufa. Mganda husema okufa, Mzulu ukufa. Hilo ni la Kibantu. Mswahili husema pia mauti, na hilo ni la Kiarabu. Katika Kihausa kitendo cha kufa ni mutu. Kwa kuwa Wahausa nao wamekopa maneno mengi ya Kiarabu, asiyejua angelikata shauri kwamba mutu ni mkopo kama mauti. Sivyo. Mzizi huo unapatikana katika lugha ndugu za Kihausa, zikiwemo za watu walioishi mbali na madrasa. Unapatikana katika Kiberber, katika Kimisri cha kale, na katika Kiebrania. Kihausa kiliurithi, Kiswahili kiliukopa. Sauti ni zilezile, historia ni mbili tofauti, na kinachozitenganisha ni kuwauliza majirani na ndugu wote kwa pamoja badala ya kuzitazama lugha mbili.

Ukoo huo wa Kihausa, Kiarabu na Kiebrania zamani uliitwa wa Kihamiti na Kisemiti, kana kwamba una nyumba mbili, moja ya Sem na moja ya Hamu. Greenberg aliuita wa Kiafrika na Kiasia, akaonyesha kwamba Kisemiti ni tawi moja tu kati ya matano yaliyo sawa, na kwamba mengi ya matawi hayo yako Afrika. Kwa uainishaji huo, lugha ya sala za wazee wake ilikaa katika ukoo mmoja na Kiiraqw cha Mbulu na Kiburunge cha Kondoa, bila upendeleo wowote. Hakuna mahali alipolieleza jambo hilo kwa hisia, na huenda ni vizuri. Na neno marehemu, ambalo Mswahili hulitumia kumtaja aliyefariki, limetokana na mzizi wa Kiarabu wa rehema, ambao Kiebrania kinao vilevile. Wayahudi wa asili ya Ulaya Mashariki, katika dua yao kwa ajili ya wafu, humtaja Mungu kwa neno la mzizi huohuo.

Kutoka katika uainishaji huo ulizuka mjadala wa asili ya Wabantu. Greenberg alijenga hoja kwamba kwa kuwa ndugu wa karibu wa Kibantu wako katika eneo la mpaka wa Nijeria na Kamerun, chimbuko la Kibantu halina budi kuwa huko. Malcolm Guthrie wa London alikataa. Kwa kuhesabu mizizi ya Kibantu iliyoenea, alikuta kwamba Kibemba na Kiluba cha Katanga zilihifadhi asilimia kubwa zaidi, na akaweka kitovu katika eneo hilo. Kiswahili alikipa asilimia 44, tarakimu ambayo wanafunzi wengi wa Kiswahili wanaijua kwa moyo. Wanahistoria walijaribu kuwapatanisha. Ukweli ni kwamba wawili hao hawakuwa wakijibu swali moja: idadi ya mizizi iliyohifadhiwa inaonyesha mahali ambapo lugha zimekaa karibu karibu na kubadilika kidogo, na haionyeshi mahali zilipoanzia. Wanaisimu walio wengi leo wako upande wa Greenberg. Asilimia 44 ya Guthrie inabaki kuwa ya manufaa, lakini kwa swali jingine.

Kuhusu kazi yake ya majumui ya lugha yatosha kusema machache. Katika mkutano wa mwaka 1961 huko Dobbs Ferry, New York, aliwasilisha makala, iliyochapwa mwaka 1963, yenye majumui 45 yaliyotokana na sampuli ya lugha 30. Saba kati ya hizo zilikuwa za Afrika, na Kiswahili kilikuwamo, pamoja na Kimaasai. Kiebrania kilikuwamo pia. Mojawapo ya majumui hayo linahusu mpangilio wa vivumishi: vikifuata nomino, ama hufuata taratibu moja au kinyume chake kamili. Kiswahili husema vitabu vikubwa vitatu hivi. Kwa utaratibu ulio nadra zaidi mfano wake ulikuwa Kigikuyu. Zamani lugha ya Kiafrika ilitajwa katika nadharia ya isimu kama kioja. Hapa ilitajwa kama shahidi mwenye kauli sawa na Kiitaliano au Kijapani. Mwaka 1978 alirudi kwenye ngeli, akieleza jinsi viambishi vya ngeli vinavyoweza kuzaliwa kutokana na vionyeshi vilivyochakaa. Maelezo hayo yanasaidia kuelewa kwa nini Mhaya husema omuntu pale Mswahili anaposema mtu tu.

Hakuna haja ya kuficha makosa. Tanzania, ambamo koo zake zote nne zinapatikana, na Kondoa na jirani zake, ambako zimekutana karibu kufikia umbali wa kutembea kwa miguu, ndiyo pia mahali ambapo uainishaji wake umepata mashaka makubwa. Ukoo alioupa jina la Kikhoisani haukubaliwi tena na wataalamu wengi kuwa ukoo mmoja: Kihadza sasa kinahesabiwa kuwa lugha isiyo na ndugu anayejulikana, na nafasi ya Kisandawe bado inajadiliwa. Vidoko si undugu. Na hapo ni haki kusema kwamba Greenberg, aliyewakataza wengine kutegemea sura ya lugha, alitegemea ushahidi mdogo kuliko aliowadai wao. Kinilo-Sahara nacho kinabishaniwa. Kimbugu cha Usambara alikiweka katika Kikushi. Baadaye ilionekana kwamba Wambugu wana namna mbili za kusema, zenye sarufi moja ya Kibantu: moja inakaribiana na Kipare, na nyingine, Kima'a, imejaa maneno ya asili ya Kikushi. Hapo mstari kati ya urithi na mkopo hauonekani kwa urahisi, na mtindo wa kuhesabu maneno unaweza kumpotosha hata bingwa. Kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu lugha za Amerika kilikataliwa na wengi wa wataalamu wa lugha hizo, baadhi kwa maneno makali kupita kiasi. Ukali huo hakuulipiza kwa mfano wake. Alijibu kwa makala, hoja kwa hoja.

Waliofanya kazi naye huko Stanford, alikohamia mwaka 1962 na kubaki hadi mwisho, wamemweleza kuwa mpole, asiyejikweza, mtu aliyewapa wanafunzi muda wake na aliyekuwa tayari kuulizwa neno la lugha yoyote. Mwaka 1967 alitunukiwa tuzo ya Haile Selassie I kwa utafiti wa Afrika. Maktaba ilikuwa uwanda wake wa utafiti. Alisoma kamusi na sarufi moja baada ya nyingine, akinakili kwa mkono, katika miaka ambayo wenzake wengi walikwisha kuamini kwamba nadharia inaweza kutungwa kwa lugha moja na kiti cha kukalia. Alipokuwa na umri uliozidi miaka 80 alianza kutoa kitabu cha juzuu mbili kuhusu lugha za Ulaya na Asia. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 2000. Ya pili aliifanyia kazi akiwa mgonjwa, akijua ugonjwa wenyewe, na ikatoka mwaka 2002, yeye akiwa hayupo. Madaftari yamehifadhiwa katika maktaba ya Stanford, lugha zikishuka upande mmoja wa ukurasa na maneno yakienda kwa upana, na baadhi ya visanduku vikiwa bado havijajazwa.